Jabali, Kijivu na Zumari: Kisa cha Familia Iliyohama Nchi na Kumbukumbu za Wanyama Wao

Majina yote hapa, ya watu na ya wanyama, yamebadilishwa. Nchi waliyotoka na waliyokwenda hazitajwi, wala mwaka. Familia imesoma andiko hili na kuridhia litumike kufundishia.

Usuli

Familia ilikuwa ya watu wanne: Mama, Baba, binti wa miaka 16, na mtoto wa kiume wa miaka 9 nitakayemwita Sefu. Baba alipata kazi nje ya nchi na walikuwa na wiki 10 za kujiandaa. Kazi yangu ni kusimamia familia zinazohama: kuorodhesha vitu vya nyumba, kuamua kipi kiende kwa meli, kipi kwa ndege na kipi kibaki, na kufuatilia vibali. Siku ya kwanza, kwenye fomu yangu, nilifika sehemu ya wanyama wa kufugwa. Nikauliza, "Mna mnyama yeyote?" Mama akajibu hapana. Nikaandika "hakuna", nikafungua ukurasa unaofuata.

Kumbe walikuwa nao watatu, ila wote wamekufa.

Jabali alikuwa mbwa wa kilo 28. Alikufa miaka minne kabla ya safari, akachomwa, na majivu yake yakawekwa kwenye chombo cha shaba kilichokaa juu ya kabati la vitabu. Kijivu alikuwa paka. Alizikwa uani chini ya mti, na juu ya kaburi Sefu aliweka jiwe dogo aliloliandika jina kwa rangi nyeupe.

Zumari ndiye mwenye historia ndefu. Alikuwa kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu, na alikuwa wa bibi mzaa Mama. Bibi alipofariki, Zumari alihamia kwao na akaishi miaka sita zaidi. Kasuku hawa huiga sauti za watu kwa usahihi wa kushangaza, naye Zumari alikuwa na sauti ya bibi. Kila jioni aliita, "Sefu, njoo, njoo hapa," na kabla ya kuita alikohoa kidogo, kikohozi kilekile cha bibi. Sefu alikuwa mchanga bibi alipofariki. Sauti ya bibi yake aliijua kutoka kwa ndege. Zumari alipokufa, Mama alihifadhi manyoya 11 ya mkia, akayafunga kwa uzi na kuyaweka kwenye albamu ya picha za bibi.

Mambo yalivyokwenda

Wiki tano za kwanza zilikuwa za kawaida. Tulipanga kontena, tukauza magari, tukafuata viza. Wiki ya tano kabla ya safari nilikuwa uani napima meza ya mbao, Sefu akaja akasimama karibu nami. Akauliza, "Watakaohamia hapa wataruhusiwa kumfukua Kijivu?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza Kijivu ni nani, akanionyesha jiwe.

Jioni hiyo niliomba kukaa na familia nzima mezani, bila fomu. Vitu vikaanza kutoka kimoja baada ya kingine: chombo cha shaba, albamu, mkanda wa shingo wa Jabali na kamba yake, alama ya unyayo wake iliyochapwa kwenye udongo wa kufinyangia na kuchomwa, jiwe la Kijivu. Baba alisema alikuwa amepanga kubeba majivu kwenye begi lake siku ya safari bila kumwambia mtu. Mama alikuwa amepanga vivyo hivyo kuhusu manyoya. Miaka 18 ya ndoa, na kila mmoja alikuwa na siri yake ya huzuni aliyokusudia kuipitisha forodhani peke yake. Nilimuuliza Mama kwa nini hakunitajia siku ya kwanza. Alinijibu, "Dada, uliuliza mizigo. Jabali si mzigo."

Tuligawana kazi. Mimi niliandika kwa mamlaka ya karantini ya nchi waendako na kwa shirika la ndege, nikiuliza kila kitu kwa jina lake. Baba alitafuta cheti cha kuchomwa cha Jabali. Mama alitafuta karatasi zozote za Zumari, hazikuwapo. Alikuwa na kadi ya zamani ya daktari wa wanyama tu, yenye jina la bibi na neno "kasuku".

Majibu yalikuja ndani ya wiki mbili. Majivu: yanaruhusiwa, yatajwe kwenye fomu ya tamko la mizigo, yawe na cheti. Manyoya ya kasuku: hayaruhusiwi bila vibali. Udongo: hauruhusiwi kabisa. Vitu vya mbwa: visafishwe, visiwe na udongo wala nywele.

Maamuzi na sababu zake

*Majivu.* Tatizo halikuwa majivu, lilikuwa chombo. Shaba nene haipenyeki kwa eksirei. Kwenye skrini ya mkaguzi chombo huonekana kama doa jeusi tu. Nchini Marekani, kwa mfano, afisa wa ukaguzi hafungui chombo cha majivu hata abiria akimwomba, na chombo asichoweza kukiona ndani hakipiti. Mbao, plastiki na karatasi ngumu hupenyeka. Zaidi ya hapo, Marekani na Australia tangu 2018 zimeweka kanuni juu ya vitu vya unga vinavyozidi mililita 350 kwenye mzigo wa mkononi, ndiyo maana ni lazima kuliuliza shirika la ndege mapema na kupata jibu la maandishi. Kuyaweka kwenye sanduku la chini ya ndege tulikukataa mara moja, kwa kuwa masanduku hupotea. Kontena nalo hukaa baharini na bandarini wiki nyingi kwenye joto na unyevu, na hakuna awezaye kulisimamia.

Ilibaki njia moja: majivu yahamishiwe kwenye kisanduku cha mbao na kwenda mkononi, na chombo cha shaba kiende kitupu na meli. Baba alikataa. Alisema kukifungua ni kumsumbua Jabali. Sikumsukuma. Nilimweleza ninachokijua: kwa kawaida majivu hayamiminwi ovyo ndani ya chombo, hufungwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki mgumu, na mara nyingi kunakuwa na kibati cha chuma chenye namba aliyopewa mnyama alipopokelewa. Inawezekana angetoa mfuko mzima bila majivu kuguswa.

Siku tatu baadaye aliniita. Alikizungusha kifuniko kwa kitambaa cha jikoni, shaba ikalia. Mfuko ulikuwamo, umefungwa, na kibati chenye namba ileile iliyokuwa kwenye cheti. Akautoa kwa mikono miwili, akaupima kwenye mizani tuliyokuwa tukipimia mabegi: kilo moja na nukta. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema Jabali aliokotwa kando ya barabara hajafumbua macho vizuri, akawa anamnywesha maziwa kwa chupa, na uzito wake ulikuwa huohuo. Baada ya hapo hakuhitaji ushauri wangu tena juu ya majivu. Alikipiga kisanduku msasa yeye mwenyewe.

*Manyoya.* Hapa ndipo palipokuwa pagumu, na ndipo watu wengi hujikwaa bila kujua. Kwa familia, majivu na manyoya ni kitu kimoja, ni kipande cha mpendwa. Kwa afisa wa karantini ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwili unapochomwa kwenye tanuri la nyuzijoto 760 hadi 980, nyama yote na vijidudu vyote huisha. Kinachobaki ni madini ya mifupa, hasa fosfeti ya kalsiamu. Unyoya haujapita motoni. Unaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege au vya mdondo, na nchi inayolinda kuku wake haiwezi kujua unyoya wako umetoka kwa ndege mzima au mgonjwa.

Juu ya hilo kuna sheria nyingine ambayo haihusiani na magonjwa. Kasuku wa kijivu wametekwa porini kwa wingi mno kwa ajili ya biashara, hata nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zilipokutana Johannesburg mwaka 2016, zikampandisha kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali kuliko vyote. Uamuzi ulianza kutumika Januari 2017. Mkataba huo haulindi ndege aliye hai peke yake, unalinda na viungo vyake, manyoya yakiwamo. Kwa kawaida hutakiwa kibali cha nchi unayotoka na cha nchi unayokwenda, pamoja na uthibitisho kwamba ndege alipatikana kihalali. Mama alikuwa na kadi moja ya daktari, na wiki tatu zimebaki.

Ndugu mmoja wa familia alishauri manyoya yatiwe katikati ya kitabu. "Ni manyoya tu," alisema, "nani atayaona?" Ninaelewa ushauri huo ulitoka kwenye huruma. Nilikataa kushiriki na nikaeleza sababu mbele ya wote. Manyoya yakikamatwa yatataifishwa na huenda yakateketezwa, na hapo Mama atakuwa ameyapoteza moja kwa moja, tena mbele ya wanawe, siku ya kwanza kwenye nchi mpya, na jina la Baba likiwa kwenye kumbukumbu za forodha kabla hajaanza kazi. Manyoya yanayobaki kwa ndugu bado ni yake.

Mama aliamua yabaki kwa shangazi wa watoto, ndani ya albamu ileile. Binti aliyapiga picha moja moja kwenye mwanga wa dirishani, karibu kiasi kwamba nyuzi za kila unyoya zinahesabika, na wekundu wake unaonekana unavyofifia kuelekea shinani. Shangazi alikubali kuanza kuomba kibali kwa niaba yao, bila haraka.

*Kaburi.* Kufukua hatukujadili sana. Mifupa isiyopitishwa motoni nayo ina masharti yake, na nafsi ya familia haikutaka. Mama aliulizia kubeba kiganja cha udongo wa kaburini. Nchi nyingi hukataa udongo kwa sababu ndani yake mna mbegu, mayai ya minyoo na vimelea visivyoonekana kwa macho. Jiwe lililosuguliwa kwa brashi na maji hadi likawa safi liliruhusiwa, tukaona tumelimaliza jambo.

*Vitu vingine.* Mkanda na kamba vilifuliwa, vikakauka. Alama ya unyayo ilifungwa kwa nguo za majira ya baridi na kwenda na meli. Namba ya tarakimu 15 ya chipu ya utambulisho ya Jabali tuliiandika kwenye barua ya daktari pamoja na namba ya kibati, ili cheti na majivu vioanishwe bila maswali.

Matokeo

Majivu yalipita. Kisanduku kilikwenda kwenye mkanda wa eksirei, mkaguzi akakipangusa nje kwa kitambaa cha kupimia vilipuzi, akasoma barua, akasema pole. Baba anasema ilichukua dakika chache. Alikipakata njia nzima.

Walipofika, Mama alitaja kila kitu kwenye fomu ya tamko. Afisa alipokuwa anatazama jiwe, Sefu aliingiza mkono mfukoni akatoa kikopo cha dawa cha plastiki kilichokuwa kitupu zamani. Ndani mlikuwa na udongo wa kaburi la Kijivu. Aliuchota asubuhi ya safari. Aliona jiwe linakaguliwa akadhani na udongo ukaguliwe tu, kisha arudishiwe. Afisa alimweleza kwa upole kwa nini hawezi, akauchukua. Kwa kuwa mtoto aliutoa mwenyewe kabla ya mabegi kufunguliwa, hawakutozwa faini. Sefu alilia tangu pale hadi walipofika nyumbani kwao kupya.

Alama ya unyayo ilifika imevunjika vipande viwili. Wameiunga, ufa unaonekana.

Kibaya kuliko vyote kilijulikana mwezi wa pili. Sefu aliomba kusikia "Zumari akimwita". Ndipo walipokumbuka kwamba sauti za Zumari, video kama 30 hivi, zilikuwa kwenye simu ya zamani ya Mama. Simu hiyo wiki mbili kabla ya safari iliingia kwenye boksi la vifaa vya umeme visivyotumika, boksi likagawiwa. Tulijaribu kulifuatilia. Simu ilikuwa imekwishafutwa na kuuzwa. Nakala mtandaoni haikuwapo, kwa kuwa video zilirekodiwa kabla Mama hajawasha huduma ya kuhifadhi.

Imepatikana video moja. Shangazi alitumiwa zamani kwenye ujumbe na hakuifuta. Ina sekunde 9. Kikohozi kinasikika, kisha "Sefu, njoo," kisha mlango unafungwa kwa kishindo na video inaisha.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi. Kuandika mapema kwa mamlaka na kuuliza kila kitu kwa jina lake kulitupa majibu yaliyonyooka. Ukiuliza "vitu vya mnyama" kwa ujumla utapewa jibu la jumla la kukataa. Kutenganisha majivu na chombo kulitatua jambo ambalo Baba aliliona halina njia, na kumwachia siku tatu kulifaa kuliko hoja zangu zote. Kutomsaidia mtu kuficha manyoya ninakusimamia hadi leo. Na kutaja vitu vyote kwenye fomu ndiko kulikomwokoa Sefu, kwani afisa alikuwa tayari anazungumza na familia inayosema kweli.

Makosa ni yangu kwa sehemu kubwa.

La kwanza ni swali langu la siku ya kwanza. Niliuliza wanyama kwa maana ya wanaohitaji chanjo na tundu la safari, nikapata jibu sahihi la swali lisilofaa. Tulipoteza wiki tano. Katika wiki 10, ombi la kibali cha manyoya lingeweza angalau kupokelewa wao wenyewe wakiwapo kujibu maswali.

La pili ni mtoto. Sefu ndiye aliyefungua mazungumzo yote, lakini maamuzi tuliyafanya sisi wakubwa. Kuhusu udongo nilimweleza Mama mbegu, minyoo na vimelea. Sefu aliambiwa tu "tutabeba jiwe". Kwake jiwe lilikuwa alama tu. Kilichomgusa Kijivu kilikuwa udongo. Mtoto wa miaka 9 anaelewa minyoo vizuri sana akielezwa. Angeweza kuaga pale uani, na sio mbele ya kaunta ya forodha.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Orodha yetu ilitengenezwa na makatazo. Kila kilichokuwa na kanuni kilipata mlinzi: majivu yalikuwa na Baba, manyoya yalikuwa na shangazi, jiwe lilikuwa na brashi yake. Sauti ya Zumari haikatazwi na nchi yoyote duniani. Haina uzito, haina kibali, haipiti eksirei. Kwa hiyo hatukuiandika popote, na ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na watu wawili. Kuinakili kungechukua dakika 10. Usiku ule mezani Sefu alisema, nimeona kwenye maandishi yangu, "na ile ya kuita kwenye simu". Niliyaandika maneno hayo pembeni ya ukurasa, kisha nikaendelea na manyoya.

Kuna jambo ambalo sina hakika kama ni kosa. Binti alipendekeza manyoya mawili yachomwe pamoja na karatasi ya jina, majivu yaende. Mama alikataa, nami sikulichunguza zaidi. Pengine ingeleta shida mpya ya kuthibitisha majivu yasiyo na cheti. Pengine ingempa Mama kitu cha kushika.

Fomu yangu imebadilika. Sehemu ya wanyama sasa ina maswali mawili, na la pili linasema: "Kuna mnyama aliyeishi nanyi ambaye hayupo tena, na mna nini chake?" Naliuliza kila mmoja peke yake, watoto wakiwa wa kwanza, na chini yake kuna mstari wa sauti, picha na video, wenye nafasi ya kuandika ziko kwenye kifaa gani na nakala ya pili iko wapi. Mstari huo haufungwi mpaka nakala mbili ziwe zimechezwa mbele yangu.

Mama amenijulisha kwamba Jabali amerudishwa kwenye chombo chake cha shaba, na kisanduku cha mbao sasa kina mkanda wa shingo na jiwe la Kijivu. Shangazi amewasilisha ombi la kibali pamoja na kadi ya daktari na picha za bibi akiwa na Zumari begani. Ombi bado halijajibiwa.